Mtani Kwenye Mlango wa Kanisa

Ndugu zangu wa Kongowe, tangu nirudi kila mmoja wenu amenivuta pembeni akitaka nimsimulie peke yake, na kila nikifika katikati ya habari mwingine anaingia, naanza upya. Sasa naandika. Anayejua kusoma awasomee wenzake, na mwenye swali alishike mpaka mwisho. Habari za kumwombea Samweli ruhusa kwenye shamba la mkonge nazipita. Mliziona wenyewe, na nikizirudia nitapandwa na hasira ambayo nimeshaimaliza.

Kongowe hadi Soga

Mnajua kilichotuondoa. Dada yangu Rebeka, anayekaa kijijini kwetu, mbele ya Maneromango ukielekea Mzenga, aliniletea neno kwa mdomo wa mchuuzi mwenzangu wa kuku: Mjomba Zakaria anafunga kanisa. Tangu vita hivi vianze na wamisionari Wajerumani wachukuliwe na Waingereza, kikanisa chetu hakijapata mtu wa kuhubiri. Walimu waliobaki kituoni misheni ni wachache na vijiji ni vingi. Mjomba ndiye mzee wa kanisa na mshika ufunguo. Tena kuna mtu alimtia hofu, akamwambia mali ya Mjerumani sasa ni mali ya adui, na atakayekutwa nayo ataulizwa na serikali. Basi Mjomba akatangaza kwamba Jumapili ile watasali mara ya mwisho, atafunga mlango, na ufunguo ataupeleka Bomani Kisarawe, ofisini kwa serikali. Rebeka alimbembeleza. Alichopata ni hiki tu: kama mhubiri atafika kabla, watamsikiliza.

Mimi ni mfanyabiashara. Najua kitu kikishapokelewa ofisini hakitoki kwa mlango kilioingilia. Katika kanisa lile nilibatizwa, mama yangu aliombewa pale kabla ya kuzikwa, na Rebeka hana kanisa jingine anakoweza kufika kwa miguu yake mibovu. Nikamjibu kwa mchuuzi yule yule: mhubiri ninaye, naja naye.

Mhubiri mwenyewe mnamjua, lakini nitamwandika kwa ajili ya watakaosoma bila kumjua. Samweli ni Mnyamwezi, mkata mkonge, mrefu, mwenye kofia ya pama ya kijivu ambayo hulala nayo karibu. Jioni kambini huwasimulia watu habari za kanisa la kwanza kama mtu aliyezipata asubuhi kutoka kwa abiria wa treni. Akifika pale Petro ametoka gerezani, anabisha hodi, na yule mtumishi wa kike kwa furaha anasahau kumfungulia, watu wazima kabisa humpigia kelele mtumishi: mfungulie basi, mwenzio yuko nje!

Tukaondoka alfajiri. Yeye alibeba mkoba, mimi nilibeba tenga la kuku. Samweli aliuliza kama tunakwenda kuhubiri au mnadani. Nilimwambia kuku hawana dhambi, waache wasafiri. Kila tulipopumzika niliwahesabu, nikawarudia. Alipochoka kuniangalia akasema Bwana wetu alimwacha kondoo mmoja apotee ndipo akamfuata, mimi sitampa kuku wangu hata nafasi ya kupotea.

Kungoja Soga

Treni ilichelewa. Ilichelewa mpaka waliokuja kusindikiza wakaanza kuonekana kama ndio wasafiri. Tukanunua mihogo ya kuchemsha na pilipili kwa mama mmoja mnene aliyekaa juu ya gunia lake kama liwali. Samweli alipoomba chumvi, yule mama akainua kichwa.

"Sauti hiyo si ya hapa. Kabila gani wewe?"

"Mnyamwezi, mama."

Mama alinyoosha mkono, akaichukua pama kichwani kwa Samweli, akaivaa yeye, akaendelea kuuza mihogo. Watu wakaangua kicheko. Akasema babu zake Samweli walipita kwao na pembe za ndovu, wakala muhogo wa bibi yake bila kulipa, na yeye alikuwa akingoja mmoja wao apite. Samweli akamjibu aichukue tu, mtani, kofia hiyo ina chawa wa Tabora na wamezoea vichwa vyenye akili, watakufa njaa. Walitukanana pale kwa raha mpaka treni ilipolia, ndipo mama akairudisha pama, na ndani yake alikuwa ameweka mihogo miwili.

Nami nilicheka. Kisha nikakumbuka tunakokwenda, nikaacha.

Hapa Kongowe tumechanganyika, kila kabila lipo, na mimi na Samweli tumeshatukanana miaka mingi mpaka matusi mapya hatuna. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba kijijini kwetu ni Wazaramo watupu. Kwa Mzaramo, Mnyamwezi ni mtani tangu enzi za misafara. Mtani anaweza kukunyang'anya kofia, hukasiriki. Akikuonya, unacheka. Akilia, unacheka zaidi. Siku moja tu ndipo mtani anapokuwa na kazi ya maana kwetu: siku ya msiba. Huyo ndiye anayeshika jembe la kaburi, anayewaigiza marehemu na wafiwa, anayezuia jeneza mpaka apewe chake.

Nimekwenda kuokoa kanisa lisifungwe, na mtu niliyemchukua ni mtani wa maziko.

Ndani ya treni

Kondakta alitaka kuku wangu waende behewa la mizigo. Nilimweleza kwa upole kwamba wamezoea kukaa na watu, na kwamba jogoo ana tabia ya kuwika akitengwa na mwenyewe. Aliangalia jogoo, akaniangalia mimi, akaona mzigo wa kubishana ni mkubwa kuliko tenga. Tukakaa.

Nilingoja tupite kituo kimoja, nikamweleza Samweli shida. Nikampa na dawa yake: kijijini tuseme yeye ni Mpogoro. Ni siku mbili tu, na hakuna atakayedai ushahidi.

Samweli aliweka mkoba chini. "Unataka nikane kabila langu mbele ya watu."

"Sijasema ukane. Nimesema tulifunike kidogo."

"Petro naye alifunika kidogo. Mara tatu. Na wewe umebeba jogoo kabisa."

Mzee aliyekaa mbele yetu alicheka mpaka akatoa leso. Nikaona soko hilo limefungwa. Lakini baadaye, tukikaribia Pugu, Samweli alisema jambo jingine kwa sauti ya chini. Alisema Petro huyo huyo ndiye baadaye aliyesimama mbele ya baraza lililoweza kumwua, akasema hawezi kunyamaza. Hakubadilishiwa moyo dukani. Alikuwa yule yule mvuvi, amejaa Roho. "Kwa hiyo nitaingia kwenu kama nilivyo," akasema. "Wakicheka, wacheke. Mungu hajawahi kukosa kazi ya kumpa mtu kwa sababu ya kabila lake."

Nikahesabu kuku.

Kisarawe kwa Bi. Mwanahawa

Kutoka Pugu tulipanda mlima kwa miguu, na jua la alasiri lilitupanda sisi. Tulilala kwa Bi. Mwanahawa, mjane anayeuza mikeka na kununua kuku kwangu. Ni Mwislamu wa ukoo wa siku nyingi pale Kisarawe, na kwa kupatana bei ndiye mtu pekee ninayemwamkia shikamoo kwa moyo wote. Alichukua kuku watatu. Alinipa mkeka mmoja na maneno mengi, na mpaka leo sijui jinsi ilivyotokea.

Lakini alitupikia wali wa nazi na kisamvu cha karanga, akatusogezea sahani mara mbili bila kuulizwa. Wakati wa kunawa aliniuliza safari ni ya nini. Nilimweleza yote, wamisionari, Mjomba, ufunguo, Boma. Alisikiliza, kisha akauliza swali ambalo lilinichoma kuliko mahubiri.

"Sasa mwanangu, hao Wajerumani ndio walikuwa wakiwasalia ninyi, au ninyi mlikuwa mkisali wenyewe?"

Nikasema tulikuwa tukisali wenyewe, wao walituongoza.

"Basi mimi sielewi. Imamu wetu alipofariki, alfajiri ile ile alisimama mwingine mbele. Sauti yake mbaya, anakohoa, lakini tulisali." Akakusanya sahani. "Nyumba ya ibada haifungwi kwa sababu mtu amesafiri."

Samweli alimwambia angefaa kuja naye Maneromango. Bi. Mwanahawa akajibu kwamba yeye hafuatani na Wanyamwezi, wanakula sana. Kumbe naye mtani.

Lori, baada ya Masaki

Asubuhi tulipata lori la mfanyabiashara mmoja lililokuwa likipeleka chumvi, mafuta ya taa na abiria Maneromango. Dereva alidai nauli, mimi nikampa jogoo. Alitaka na tetea. Nikamwambia jogoo yule ameshatajwa pamoja na Petro tangu jana, thamani yake imepanda. Akakubali, akamtia jogoo kwapani.

Mvua ilitukuta tukiwa tumepita Masaki. Mnazijua barabara za huko: udongo ukinyeshewa, hauna urafiki na gurudumu. Lori liliteleza, likakaa pembeni kama ng'ombe aliyegoma. Tukashuka, tukasukuma, likazama zaidi. Tukasubiri. Njaa ikaja, na njaa ikaleta ugomvi. Wawili walitaka kuacha mizigo na kurudi kwa miguu, dereva akasema anayeondoka asidai kitu, mama mmoja mwenye gunia la mchele akaanza kulia kwamba lori likipinduka amefilisika.

Samweli akakaa juu ya tairi la akiba, akaanza kusimulia bila kuulizwa. Habari ya ule mtumbwi mkubwa wa baharini, Paulo akiwa mfungwa ndani yake, dhoruba imewashika siku nyingi, hawaoni jua wala nyota, watu wameacha kula kwa kukata tamaa. Na mfungwa yule, mwenye minyororo, ndiye aliyesimama akawaambia: kuleni, hakuna atakayepotea. Akachukua mkate, akamshukuru Mungu mbele yao wote, akaanza kula. Nao wakapata moyo.

Nilipenda kwamba katika habari ile watu wamehesabiwa: mia mbili sabini na sita. Mtu aliyeandika alihesabu katikati ya dhoruba. Huyo ni ndugu yangu. Nikawahesabu abiria wetu, nikapata kumi na sita. Nikarudia, nikapata kumi na saba, maana mara ya kwanza sikujihesabu.

"Na mizigo je?" dereva akauliza. "Ilipona?"

"Mizigo ilitupwa," Samweli akasema. "Walipona watu."

Kisha kichwa kimoja kikageuka, na kingine, mpaka wote wakawa wanaangalia tenga langu.

Ndugu zangu, nilipigana. Nilieleza kwamba mlango wa tenga ni mbovu, kwamba kuku wenyewe wamekonda, kwamba wana kikohozi. Haikusaidia. Mama wa mchele alitoa mchele, dereva alitoa sufuria, na kuku wangu wawili wakaingia katika historia ya kanisa. Samweli alishukuru kwa sauti kubwa, na Waislamu waliokuwepo, ambao mmoja wao ndiye aliyechinja kuku ili wote tule, wakaitikia amina. Tulipokwisha kula tukasukuma tena. Sisemi ni muujiza. Nasema tu kwamba watu walewale, tope lile lile, na lori likatoka.

Kijijini

Tulifika Jumamosi alasiri. Rebeka alinishika mikono yote miwili, akamtazama Samweli, akaniuliza kwa macho. Nikamwambia ni Mnyamwezi. Akajifunika uso kwa kanga, na mabega yakatikisika. Sikujua kama analia au anacheka, naye baadaye aliniambia hakujua pia.

Mjomba Zakaria alikuwa nyumbani kwake, ufunguo umefungwa kwenye kamba shingoni. Amekonda. Nilimwamkia, akaitikia, nikamtambulisha mgeni kwa jina na kabila, maana nilikuwa nimekatazwa kufunika.

Mjomba akacheka kicheko kikavu kisichofika machoni.

"Elia, mpwa wangu. Nilisema nitamsikiliza mhubiri, nawe umeniletea mtani. Basi hujakosea. Mtani huja kwenye msiba, na kesho tunazika."

Samweli alivua pama, akainama kwa heshima kama wafanyavyo waombolezaji wanapopokelewa msibani.

"Poleni kwa msiba," akasema. "Nimetoka mbali. Nitafanya kazi yangu."

Usiku ule sikuupenda hata kidogo, basi nauruka.

Jumapili mlangoni

Kanisa lenyewe mngeliona msingeligeukia mara ya pili. Kuta za miti na udongo, paa la makuti, kipande cha reli kinachogongwa badala ya kengele. Kitu cha fahari ni kimoja: kufuli kubwa la chuma mlangoni, lililoletwa na misionari wa kwanza kutoka kwao Ujerumani.

Watu walijaa. Nilihesabu, nikarudia. Walikuwa wengi kuliko nilivyotazamia, na nilijua kwa nini: msiba hauna anayeukosa. Samweli alisimama kuhubiri. Alipotaja neno dhambi, bibi mmoja wa mstari wa mbele akasema kwa sauti kwamba dhambi kubwa ni ya babu za mhubiri waliokula muhogo bila kulipa. Kanisa zima likacheka. Akaanza tena, wakacheka tena. Hata mimi, Mungu anisamehe, nilicheka kidogo. Mwishowe akafunga kwa sala fupi, akakaa. Rebeka alikuwa akitazama sakafu.

Mjomba akasimama. Akasema asanteni kwa kuja, Mungu anawajua wote, kila mmoja atasali nyumbani kwake kadiri atakavyoweza. Akatangulia kutoka, kufuli mkononi, nasi tukatoka nyuma yake. Kinamama wakaanza kulia. Ilikuwa maziko kweli.

Alipogeuka afunge mlango, Samweli alikuwa amelala kizingitini.

Amejinyoosha kwa urefu wake wote, nusu ndani nusu nje, pama imefunika tumbo, kanzu nyeupe mavumbini. Kama mtani anavyolala kuzuia jeneza. Mtu mmoja akacheka, mwingine akapiga makofi, vilio vikakatika. Hata Mjomba alijua mila inasema nini. Mtani akilala mahali hapo, hasukumwi. Anakombolewa.

"Sema unachotaka, uondoke," Mjomba akasema.

"Kwanza nionyesheni maiti."

"Maiti gani?"

"Nimekuja kuzika, sijaonyeshwa marehemu. Wote waliokuwamo humu wametoka kwa miguu yao. Bibi yule ametoka na matusi yake yakiwa mazima. Nani amekufa?"

Akaanza kusimulia akiwa amelala pale pale, akitazama makuti. Alisimulia jinsi Stefano alivyopigwa mawe, na waumini wa Yerusalemu wakatawanyika. Mitume walibaki mjini. Waliokimbia walikuwa watu wa kawaida, wamebeba watoto na vyungu, hawakuwa na mtume wala mchungaji wala nyumba ya ibada. Na kila walipofika, walisema habari za Yesu kwa wenyeji. Baadhi yao walifika Antiokia, mji mkubwa wa wageni, wakawaambia hata watu wasio wa kabila lao. Wengi wakaamini. Kanisa lilikwisha kusimama ndipo Yerusalemu wakasikia, wakamtuma Barnaba aende kutazama. Barnaba alipofika hakuleta kitu. Alikuta neema ya Mungu tayari ipo, akafurahi, akawatia moyo wasiiache.

"Jina hili Wakristo mnaloitwa," Samweli akasema, "lilianzia huko. Kwa watu walioanza bila mtume."

Hakuna aliyecheka. Mimi nilikuwa nikihesabu kwa vidole, kama kawaida yangu. Stefano ana jina, lakini yeye amekufa. Barnaba ana jina, lakini yeye amekuja baadaye. Katikati, pale kanisa lilipoanzishwa hasa, nilitafuta jina la mtu. Nikarudia. Hakuna. Waliofanya kazi ile hawakuandikwa. Miaka yote nimezisikia habari hizi nikidhani ni za wakubwa, nikasimama pale uani nikajua kwamba kumbe nyingi ni za watu kama Rebeka.

Mjomba alikohoa. "Hadithi yako tumeisikia, mtani. Ukombozi wako ni nini?"

"Jumapili."

Basi wazee wakanigeukia mimi, maana kila mtu anajua kazi yangu, na kwa mila familia huweka mtu wa kupatana na mtani. Nikasogea mlangoni.

"Jumapili ngapi?" nikauliza.

"Zote. Kila Jumapili mmoja wenu asimame humu, asimulie habari moja ya watu hawa, kisha msali."

Mazoea ni ugonjwa. Mdomo wangu ulikwisha kufunguka kusema punguza. Nilikuwa nimeshapanga nianze na Jumapili moja, yeye ashuke mpaka mvua za vuli, tukutane katikati. Kisha nikamwona Rebeka. Alikuwa amesimama kwenye miguu yake ile, ananitazama kama mtu anayetazama mzani wa mfanyabiashara asiyemwamini.

"Zote hazitoshi," nikasema. "Ongeza na Jumatano jioni."

Wazee wakaguna. Maishani mwangu sijawahi kupigania bei ipande, na nawaambieni, jasho lake ni jingine. Samweli alifumbua jicho moja, akanitazama. "Na Jumatano," akasema.

"Nani atakayesimama?" Mjomba akauliza. Sauti ilikuwa imebadilika. "Semeni mnavyotaka. Nani?"

"Wewe, mzee," Samweli akasema.

"Mimi ni mshika ufunguo tu."

"Kazi hiyo nakuondolea. Umeogopa mali ya adui, si kitu kibaya, mtu mwenye dhamana lazima aogope. Basi tuitafute mali yenyewe. Udongo huu ni wa nani?"

Mtu akasema ni wa kwetu.

"Miti?"

Baba zetu waliikata, wakajibu wengi. Makuti ya minazi ya kina nani, reli ilitoka wapi, mabenchi yalichongwa na nani, waliyajibu yote, na sauti zikawa zinapanda.

"Basi cha Mjerumani ni kufuli na ufunguo. Mpelekee Bwana wa Bomani kufuli na ufunguo, mlango ubaki."

Sasa walicheka, lakini kilikuwa kicheko cha aina nyingine, nilikisikia tofauti. Mjomba hakucheka. Aliliangalia lile kufuli mkononi kama mtu aliyebeba mtoto wa jirani siku nzima ndipo akatambua si wake.

"Nikisimama nikakosea?" akauliza taratibu, kana kwamba hatukuwepo wengine.

Samweli alikaa kitako kizingitini. Mzaha ulikuwa umemtoka. "Baba, wale wa Antiokia wangengoja mpaka wawe hawawezi kukosea, mimi na wewe tusingesikia kitu."

Mjomba akamnyooshea mkono.

"Simama, mtani. Unachafua kanzu."

Rebeka alikuwa wa kwanza kurudi ndani.

Bomani

Tulirudi Kisarawe na Mjomba mwenyewe, kufuli ndani ya kikapu, limefunikwa kwa kitambaa kama sadaka. Lori halikupatikana, tulitembea. Njia nzima alimuuliza Samweli maswali: wale waliotawanyika walisali saa ngapi, walipogombana walifanya nini, wenye njaa walilishwa na nani. Mengine Samweli alijua. Mengine alisema hayakuandikwa, na Mjomba akawa anayawaza hayo zaidi kuliko yale aliyojibiwa.

Karani wa Bomani alikuwa kijana mwenye miwani na adabu. Mjomba akaweka kufuli mezani, akaeleza kwamba hii ndiyo mali ya adui iliyokuwa kanisani kwao, ameileta mwenyewe asije akaulizwa. Karani aliligeuza. Akauliza kama ni hilo tu.

"Ni hilo na ufunguo wake."

"Na jengo, mzee?"

"Jengo ni letu. Tulilijenga sisi."

Karani akasema Bwana wa Boma yuko safarini, atamweleza akirudi, na kwa sasa hajui amri yoyote ya kufunga kanisa la kijiji. Kisha akachovya kalamu. "Anayelisimamia ni nani?"

Nilijua jibu, na mnajua ninavyopenda kujibu kwa niaba ya watu. Niliuma ulimi. Mjomba alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Mimi," akasema. "Zakaria. Mimi na wenzangu."

Tulipotoka nje nilimwambia twende kwa Bi. Mwanahawa, apumzike walau mpaka asubuhi, miguu yake imevimba na njia ni ndefu. Samweli naye akamsihi. Mjomba akajifunga shuka kiunoni, akashika fimbo.

"Hapana, wanangu. Jumatano ni kesho, na sijui bado nitasema nini."

Akatuaga, akashika njia ya Maneromango.